Matunda ya Badriya

Siku mbili kabla ya Sikukuu ya Vibanda, Badriya alikuwa juu ya ngazi sebuleni kwa baba mkwe wake, waya kati ya meno, akifunga komamanga la mia na kumi. Wavu wa chuma chini ya dari, ambao ndio kibanda chenyewe, ulikuwa umeshabeba kilo mia tatu: matofaa, machungwa, ndimu kubwa, pilipili hoho za rangi zote. Mchoro ulikuwa wake. Alikuwa akiutoa kichwani mwake kila mwaka tangu aolewe, na mwaka huu ulikuwa wa sita. Katikati nyota ya makomamanga, ndimu zikiizunguka, na tofaa hata moja halikugusana na jenzake.

Simu ya mzee Tawfiq, baba mkwe, ikalia. Alikuwa Mwalimu Orit wa Yerusalemu, ambaye kila mwaka huleta wanafunzi wa dini kutoka nchi za mbali. Hukaa siku tatu kwa Wayahudi, halafu hupanda Mlima Gerizimu kwa Wasamaria, jamii ya mzee Tawfiq. Safari hii walikuwa wanachapa kijitabu. Alitaka jina la aliyetengeneza kibanda.

"Andika Tawfiq," mzee akasema, akimenya chungwa lililoanguka.

Badriya akatoa waya mdomoni.

"Baba, tangu lini unapanda ngazi?"

"Kibanda ni cha nyumba, binti. Nyumba ni ya nani?"

"Na vidole vilivyochubuka ni vya nani?"

"Funga hiyo pilipili, inaning'inia."

Akaifunga. Alimaliza kazi yote, akashuka, akaosha mikono.

Jioni ya mkesha siku zake zikaingia. Kama wanawake wote wa mlimani, alihamia chumba cha pembeni, chenye kitanda chake, kiti chake na sahani yake. Kwa siku saba asingegusa kitu cha wengine, na alichokigusa yeye wengine wasingekigusa. Mumewe, Wasef, akachukua jiko na mtoto. Hilo halikumsumbua mtu. Wasef anapika wali mzuri kuliko mama yake.

Asubuhi ya siku ya pili, mzee Tawfiq akiwa anafagia, matunda yakaanza kuhama. Makomamanga yalitangulia. Yalitoka kwenye nyaya zake, yakatambaa darini, yakainama chini ya kizingiti cha juu cha chumba cha pembeni moja baada ya jingine kama mbuzi waingiao zizini, yakapanda tena upande wa pili. Matofaa yakafuata, kisha ndimu. Pilipili zilichelewa, ingawa ni nyepesi. Kufikia saa nne nyota ilikuwa imejipanga juu ya kitanda cha Badriya, na sebuleni umebaki wavu mtupu.

Mzee alimaliza kufagia.

"Badriya," akasema akiwa mlangoni. "Yarudishe."

"Sikuyaita."

"Basi nitayatoa mwenyewe."

Badriya akanyoosha mkono, akagusa komamanga moja, kisha jingine, kisha tofaa, pole pole, bila kumwondolea mzee macho. Akasimama kitandani ili afikie ndimu.

"Nimeyagusa," akasema. "Chukua."

Mzee akarudi sebuleni. Torati ni Torati.

Siku ya tatu wageni kumi na watatu wakafika. Wakavua viatu, wakakaa, wakatazama juu. Mwalimu Orit alikuwa amewaeleza njiani kwamba Wayahudi hujenga kibanda nje, wapate kuziona nyota, na Wasamaria ndani, kwa sababu zamani watawala waliwasumbua nje.

"Matunda yako wapi?" akauliza.

"Yako kwa mke wangu," Wasef akajibu, akigawa chai. "Yatakaa huko mpaka zipite siku saba. Sukari?"

Wakaenda kusimama kwenye kizingiti cha chumba cha pembeni. Badriya alikuwa kitini, mikono magotini. Msichana mmoja mwenye miwani, Klara, akatazama nyota ile kwa muda mrefu.

"Nani ameitengeneza?" akauliza.

"Ni kazi ya nyumba hii," mzee akawahi.

"Nyumba ina mikono, baba?"

"Badriya, usiniaibishe mbele za watu."

"Taja jina langu, labda yatarudi. Ni neno moja tu, halikuvunji meno."

Wasef akacheka, akajidai anakohoa. Mzee akatazama matunda, akamtazama mkwe wake, akatazama soksi za wageni.

"Chai itapoa," akasema.

Mwalimu Orit akamsogelea Badriya kadiri alivyoweza, akanong'ona, "Samahani sana, dada. Kurasa zimeshachapwa. Nafasi iliyobaki ni ya kubandika picha tu."

"Piga ya sebuleni, basi," Badriya akasema. "Pale ndipo kazi ya baba ilipo."

Wakapiga. Katika vijitabu kumi na vitatu, ukurasa wa tisa, upo wavu wa chuma usio na kitu, na chini yake maneno: Kibanda, kazi ya Tawfiq. Mzee aliomba nakala, akaiweka kabatini penye vikombe vya wageni.

Mwaka uliofuata, mwezi mmoja kabla ya sikukuu, mzee alimleta fundi akapanua mlango wa chumba cha pembeni, matunda yasije yakachubuka yakipita. Juu ya mlango fundi akaandika, kwa rangi ya dhahabu, jina la mzee Tawfiq.

Badriya alilisoma. Sikukuu ilipokaribia akaleta ngazi sebuleni, akabana waya kati ya meno, akafunga komamanga la kwanza. Lilikaa kidogo tu. Safari hii halikungoja siku zake wala wageni. Lilijifungua, likapita chini ya jina lile, likaingia kwake.

"Binti, unafanya nini?" mzee akauliza.

"Nafunga, baba," akasema, akachukua la pili.