Maji ya Kidole cha Mwanasha

Mwanasha alikuja kwangu asubuhi, mkono wa kulia kauinua juu kama mtu anayeapa. Kidole cha kati kilikuwa kimevimba, ngozi imevutika inang'aa, na usaha umejikusanya kwenye pindo la ukucha. Mdudu wa kidole. Kijijini kwetu Mkunya wenye ugonjwa huo walikuja kwangu, maana mama yangu aliniachia dawa yake.

"Shikamoo, Mama Swalehe."

Nilikuwa napepeta mtama. Nikaendelea kupepeta.

"Siku ya nne hii silali, dada yangu. Mjomba alichelewesha chake, kikakatwa. Mimi nikikatwa nitashikaje mchi?"

Ilikuwa miaka mitatu hajavuka kizingiti changu, na sababu tunaijua wote wawili. Zama hizo Mwingereza bado anatawala na bomba halijafika huku juu uwandani kwetu. Maji tuliteremkia bondeni: unatoka jogoo la kwanza, unarudi jua la utosi, mtungi mmoja. Mama yangu alifariki adhuhuri, mwezi wa kumi, nyumba za jirani zote mitungi mikavu. Kwa Mwanasha peke yake niliiona miwili, imejaa, imefunikwa kwa majani. Nikapiga magoti. Akaniambia, "Hayo ni ya kukandika nyumba, udongo umeshachimbwa."

Basi mama hakuoshwa. Bi Esha, mwosha maiti wetu, alipiga viganja vyake kwenye mchanga, akampaka usoni na mikononi, ikawa ndiyo josho lake. Mama yangu, aliyekuwa haendi hata kuteka kabla hajanawa uso! Na ule ukuta wa Mwanasha, umekandikwa vizuri, laini, nilipita mbele yake kila siku kwa miaka mitatu.

Nikamkalisha kwenye kigoda, nikaingia ndani. Kwenye kichanja palikuwa na kichupa cha mafuta ya maganda ya korosho, tuliyopaka nguzo zisiliwe na mchwa. Tone moja likigusa ngozi, ngozi inababuka. Nikakishika. Angefumba macho mwenyewe, aniambie na asante. Lakini angedhani ni dawa tu imemkataa, na mimi nilitaka ajue. Nikakirudisha, nikachukua chumvi.

"Dawa inataka maji," nikamwambia. "Mtungi mmoja mdogo kila siku, siku tatu. Uteremke mwenyewe. Akiteremka binti yako, nitajua."

"Kwa mkono huu?"

"Mtungi unabebwa kichwani, haubebwi kidoleni."

"Si niazime kwa jirani?"

"Labda jirani anakandika nyumba."

Aliinamisha macho. Siku hiyo hiyo akateremka.

Nilichemsha maji kidogo, yasiyozidi kata mbili, nikatia chumvi, nikayaacha yapoe mpaka kiwiko changu kikayavumilia. Akatumbukiza kidole kwa muda wa kusonga ugali. Mchana, alasiri, jioni. Kila baada ya hapo nilikausha, nikapasha jani la mbarika juu ya makaa, nikamfunga nalo kwa kipande cha kanga kuukuu. Maji yaliyobaki nilimimina kwenye mtungi wangu mkubwa, nikafunika.

"Mengine yote hayo ya nini?" aliuliza siku ya pili, jasho linamtiririka.

"Ya dawa."

Siku ya tatu ngozi ililainika. Nikababua mwiba wa mlimau motoni, nikainua pindo la ukucha kidogo tu. Usaha ukaruka. Nikabonyeza taratibu, taratibu kuliko ilivyohitajika, naye akalia mpaka kamasi. Nikakiosha, nikakifunga. Kidole sasa kingepona, na nilijua.

"Nitakuletea kuku, Mama Swalehe. Jogoo mkubwa."

"Kuku wako simli. Jitwishe ule mtungi mkubwa, nifuate."

Alipoona njia tuliyoshika, hatua zake zikawa fupi. Kaburi la mama lilikuwa nyuma ya mikorosho ya marehemu baba, nami nilikuwa nimelifagia tangu alfajiri.

"Anzia kichwani," nikamwambia. "Mpaka miguuni. Usibakize."

Alimimina. Maji ya bondeni, ya siku tatu, ya shingo yake mwenyewe. Mchanga uliyanywa yote bila kutoa sauti, na yeye akayatazama yakiisha kama mtu anayetazama nyumba yake inaungua. Mtungi ulipokauka akautua, akapiga goti kama nilivyopiga mimi siku ile, akasema kwa sauti ndogo, "Shikamoo, bibi."

Nikaokota mtungi wangu.

"Ngoja akuitikie," nikamwambia, nikaondoka.

Nilipofika kwenye mkorosho wa mwisho niligeuka. Alikuwa bado amepiga goti, kidole kilichofungwa kanga yangu kimeinuliwa juu, anangoja.