Sinema Ndani ya Kitabu cha Jela

Nilikuwa nashona kitabu cha kufundisha sinema nikakuta jela ndani yake.

Kazi yangu ndiyo hiyo, kushona vitabu katika karakana ya mtoto wa kaka yangu, na kila ninachoshona nakisoma. Shule nilisoma ya msingi tu, nikatolewa wakati ndiyo kwanza inaanza kuninogea. Basi vitabu vya wasomi navisoma kadiri sindano inavyokwenda. Nikifika katikati ya karatasi nasimama, naangalia wamesemaje, napitisha uzi. Sielewi yote. Lakini nikiwatazama wenyewe wanapokuja kuchukua vitabu vyao, naona hata wao wengine wanavisikia kwa mbali.

Msimu ule tulikuwa na vitabu vitatu vya mchapishaji mmoja. Cha kwanza ni cha haki jinai: polisi, mahakama, magereza na watu wanavyotoka humo. Cha pili ni cha ustawi wa jamii, kimejaa wazee na watoto wasio na mtu. Cha tatu kinawafundisha walimu namna ya kuwafundisha vijana kutazama filamu. Mimi nilidhani filamu unakaa tu unatazama. Kumbe kuna kazi.

Sasa nieleze kitabu kinavyopatikana, maana bila hilo hamtaelewa tulivyoaibika. Karatasi zinakuja zimekunjwa mafungu mafungu. Tunayapanga kwenye meza ndefu, kila fungu na rundo lake, halafu mtu anaizunguka meza akiokota moja moja mpaka kitabu kitimie. Mgongoni mwa kila fungu kuna alama nyeusi, na ya fungu linalofuata iko chini kidogo ya ile iliyotangulia. Ukiyabana yote pamoja, alama zinakuwa kama ngazi. Ikikosekana hatua moja unaiona ukiwa mlangoni. Ngazi ikikaa sawa, tunashona, hatuulizi tena.

Shida ni kwamba vitabu vile vitatu vilikuwa sawa kwa urefu, kwa unene na kwa ngazi. Ungeweza kuazima hatua moja nyumba ya jirani, na ngazi isikuseme.

Asubuhi hiyo, basi, mwalimu wa sinema alikuwa ananieleza habari za mwanga na kivuli, ghafla akaanza kunipa masharti ya mfungwa kuachiwa kabla ya siku zake. Nikasema leo mwalimu kachangamka. Nikasoma kurasa mbili nzima kabla sijashtuka.

"Gundi!" nikamwita huyo mtoto wa kaka. Ana jina lake zuri, lakini vidole vyake vinaganda kila anachogusa, hata ukimpa mkono unaondoka na kipande chake.

"Shangazi, nina kazi."

"Na mimi nina mfungwa hapa kaingia sinema bila tiketi."

Akaja, akatazama, rangi ikamtoka. Hakuhitaji kuelezwa. Kama fungu la jela liko kwenye sinema, basi fungu la sinema liko kwenye jela. Tukafungua vifurushi vyote vya haki jinai vilivyokuwa vinangoja kuchukuliwa. Kila kimoja safi. Gundi akakaa juu ya karatasi, akainua macho kwenye dari.

"Kuna kimoja kimetoka," akasema.

"Kimekwenda wapi?"

"Nilimpa mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu tu, Shangazi."

"Huyo mtu tu anavaa sare? Ana funguo kiunoni?"

Mtaa mzima unamjua binti wa jirani yetu, askari wa gereza la wanawake. Tunamwita Funguo, maana unamsikia kabla hujamwona. Na mtaa mzima unajua Gundi akizisikia zile funguo huwa anasahau alichokuwa anakisema.

"Ulikikusanya wewe mwenyewe?"

"Mwenyewe. Nilitaka kiwe kizuri kuliko vyote."

"Ulikuwa unatazama meza, au ulikuwa unatazama harusi?"

Hakucheka, nami nikaacha, kwa sababu nilikumbuka siku yenyewe. Asubuhi hiyo hiyo ndiyo Funguo alikuwa anahojiwa. Ofisi ya ustawi wa jamii ilitangaza nafasi moja tu ya afisa wa kuwaandaa wanawake kurudi uraiani, na walioitwa waliambiwa wasome kitabu kile cha haki jinai, ambacho chapa yake ya kwanza ilikuwa madukani tayari. Funguo ameshika zile funguo tangu ujana. Amewafungulia watu lango wakatoka, kisha akawafungulia tena wakarudi, na alikuwa amechoka kuwa mtu wa lango. Akikosa, anarudi langoni. Na hakuwa na kitabu kingine zaidi ya kile cha mapenzi.

Gundi akapiga simu. Imezimwa. Tukachukua kitabu changu cha sinema, nusu kimeshonwa, uzi unaning'inia, tukatoka mbio. Yeye mbio, mimi nilitoka kwa nia njema.

Ofisi za ustawi zina ukumbi mrefu wenye benchi, na mwisho wake mlango wenye kioo kidogo. Karani akatuambia yule dada yumo ndani tayari. Mkoba wake ulikuwa kwenye benchi, maana vitabu havikuruhusiwa kuingia. Nikaenda kwenye kioo.

"Bibi, hairuhusiwi kuchungulia."

"Sichungulii, mwanangu. Nanyoosha mgongo."

Sauti haikusikika hata kidogo. Niliwaona watatu wamekaa nyuma ya meza: mzee mwenye upara, kijana wa tai mwenye faili, na katikati mwanamke mwembamba, miwani imening'inia kifuani. Funguo alikuwa amesimama, anapima kitu hewani kwa mikono, kitu kirefu chenye pembe. Mlango. Akaonyesha bawaba, akaonyesha mahali pa kushika. Nikajua yuko wapi. Fungu lile la sinema nimelishona mpaka nalijua: mwanafunzi asimulie tukio kwa yale tu ambayo jicho linaona. Asitoe sababu wala asieleze moyo wa mtu. Nani kasimama wapi, mlango uko upande gani, mkononi kuna nini.

"Anajibu sinema," nikamnong'oneza Gundi.

"Wanamwonaje?"

"Mwenye upara anaandika. Huyo mwanamke ameinuka kidogo kwenye kiti."

Gundi akachungulia juu ya kichwa changu, akashika ukuta. "Shangazi, huyo ndiye mwandishi wa kitabu cha jela! Profesa mwenyewe!"

Profesa akavuta nakala yake. Akafungua, akarudi nyuma, akaenda mbele, akarudi tena. Akavaa miwani. Akauliza kitu. Funguo akajibu haraka na kuonyesha kidole, kama mtu anayesema, kimo humo, tazama vizuri. Profesa akamgeuzia kitabu ajionee. Nilimwona Funguo anasoma, bega lake moja likashuka. Kijana wa tai akatabasamu lile tabasamu la kumkamata mtu.

Jamani, fikiria. Umeambiwa usome kitabu, ukamwambia mwenye kitabu maneno ambayo hakuyaandika, na ukayashikilia.

Mimi, mkono haukutulia, nilikuwa nimeshafungua mkoba. Kitabu kilikuwamo. Maskini, alikuwa amepigia mstari sinema yote.

"Turudishe, Shangazi," Gundi akasema, jasho linamtoka. "Huyu akijua tumemharibia kitabu, neno lake moja tu kwa mchapishaji, hatuletewi tena hata kikaratasi. Watu wa karakana nitawaambia nini?"

"Sawa. Twende zetu tukashone."

Sikuondoka. Naye hakuondoka. Kwenye kioo kijana wa tai alikuwa anafunga faili, na Funguo amesimama mikono nyuma, kama wanavyosimama askari wakikaripiwa. Gundi akanipokonya vitabu vyote viwili, akasukuma mlango bila kubisha. Nikamfuata. Ningemtegemea nani aje kunisimulia?

"Mimi ni... hiki kitabu ni... huyu hana kosa," Gundi akasema mbele ya wale watu. "Ni mimi niliyekikusanya."

Akaweka vitabu mezani, akaeleza ngazi, akaeleza meza, akarudia ngazi. Alipofika kwenye sababu ya kukikusanya peke yake akairuka, lakini masikio yake yalisema. Profesa akafungua nakala ya Funguo, akasoma, kisha akafungua ile ya sinema akajikuta humo mwenyewe. Akaupapasa mgongo kwa kidole, alama baada ya alama.

"Ajabu," akasema. "Imekaa sawa kabisa."

"Kwa hiyo," mwenye upara akauliza, "huyu binti amenifundisha sinema muda wote huu na mimi naandika?"

"Jibu haliko kwenye kitabu," akasema kijana wa tai. "Halina alama."

Profesa alimgeukia Funguo. "Ulipofika hapa, habari zikabadilika hivi, hukushangaa?"

"Nilishangaa, Profesa. Nikadhani wasomi ndivyo mnavyoandika."

Mwenye upara akakohoa, kile kikohozi cha kuficha kitu.

"Halafu nikaijaribu kazini," Funguo akaendelea. "Tuna mama mmoja karibu atatoka. Kila afisa akimuuliza utakwenda wapi, anasema kwa kaka yangu, wananisubiri, hakuna neno. Wanaandika, wanaondoka. Mimi nikamwambia, mama, mambo ya kusubiriwa tuyaache. Umefika mlangoni kwa kaka yako. Jicho linaona nini? Akasema, naona mlango. Nani anafungua? Akakunjakunja pindo la sare yake mpaka nikajuta. Akasema, simwoni mtu, afande. Naona kufuli."

Mwenye upara akaweka kalamu chini.

"Kaka alihama zamani," akasema Funguo. "Mama alijua, ila aliona aibu kusema, na hakuna aliyewahi kumuuliza kwa namna ile. Sasa tunamtafutia mahali pengine."

Profesa akaegemea mbele, macho yamemtoka kama mtoto aliyeonyeshwa kitu chini ya jiwe. "Na ukimuuliza mwingine?"

"Mwingine alinisimulia filamu ya mapigano mpaka zamu yangu ikaisha."

Hapo hata kijana wa tai alicheka, akajikamata. Profesa akasema, "Jibu lile nalifuta, kwa sababu si la kitabu changu, na wenzake hawakulipata fungu hilo. Akae nje alisome fungu la kweli. Tutamwita baada ya wote."

"Na hiki?" Gundi akauliza, anagusa nakala iliyopigiwa mistari.

"Hicho kiache hapa."

Tukatoka. Gundi akatoa kisu chake, akakata uzi wangu mzuri, akalitoa fungu la jela kutoka kwenye sinema, akampa Funguo kwa mikono miwili. Funguo akalipokea bila kumwangalia.

"Uliniambia umenitengenezea kwa mikono yako."

"Ndiyo."

"Nimeiona kazi yake."

"Nisamehe, basi..."

"Nyamaza nisome. Ukae kule. Mbali. Usiguse kitu."

Akasoma midomo ikicheza. Mimi nikawa namuuliza maswali, maana masharti yale niliyajua tangu asubuhi. Mfungwa anaripoti kwa nani? Akihama anamwambia nani? Alikosea, akarudia, akakosea penginepo. Wenzake waliingia mmoja mmoja, wakatoka wanajifuta jasho. Gundi alisimama kule alikowekwa, kama mwavuli uliosahauliwa.

Alipoitwa, karani akanitazama. Nikamwambia, "Mgongo umekakamaa tena."

Safari hii hakupima milango hewani. Alijibu amesimama wima, mfupi mfupi. Pahali pamoja alikwama, nikamwona anatazama dari kama Gundi. Kijana wa tai akaandika kitu kirefu. Profesa akatikisa kichwa, sikujua ni kwa kukubali au kwa kukataa; jambo hilo kitabu cha sinema hakikunifundisha, au sijalifikia fungu lake. Wakainamiana, wakanong'onezana, wakanong'onezana tena. Mwenye upara akagonga meza kwa kiganja.

Funguo akatoka, akakaa kwenye benchi, akachukua mkoba wake.

"Je?" nikauliza.

"Swali moja nimekosa kabisa."

"Enhe?"

"Yule wa tai kapinga."

"Mwanangu, mimi ni mzee, nitakufia hapa."

"Naanza mwezi ujao." Akaficha uso nyuma ya mkoba, mabega yakatikisika, na sikumuuliza kama analia au anacheka. Gundi akapiga hatua moja, akakumbuka amri, akarudi alikowekwa.

Karani akatoa kichwa. "Fundi, unaitwa na Profesa."

Akaingia kama mtu anayekwenda kung'olewa jino. Mimi na Funguo tukagombania kioo, bega kwa bega.

"Anasemaje?"

"Kaka yako mdogo huyu haongei, anasikiliza tu," akasema Funguo, kama vile hamjui.

"Si kaka yangu, ni mwanangu kwa kaka. Nawe unajua vizuri."

Gundi akatoka shati limemganda mgongoni. "Anataka nimkutanishe na mwalimu aliyeandika kitabu cha sinema," akasema. "Anataka waandike kitu pamoja. Kanishika mkono, mkono ukaganda, akacheka."

"Na kazi yetu?" nikauliza. "Atamwambia mchapishaji nini?"

"Hajasema."

"Hukumuuliza?" Funguo akauliza.

"Niliogopa."

Funguo akamtazama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, kuanzia viatu mpaka juu. "Umeingia mle bila kubisha, umejianika mbele ya watu kwa ajili yangu, halafu swali dogo hilo umeogopa?"

Akamshika mkono wa shati, akabisha hodi, wakaingia wote wawili. Mimi nikabaki kwenye kioo. Karani aliacha kazi yake akaja kusimama pembeni yangu.

"Bibi," akasema, "sogea kidogo na mimi ninyooshe mgongo."