Nilipolamba Jiwe

Kukodi karavani lilikuwa wazo la baba, yaani bosi wangu wa kazi za ndani. Mwaka huo wa 2014 alisema amechoka na ndege, basi tukatoka Al-Suwaidi, Riyadh, na gari lenye vitanda, jiko na choo, tukienda kwa dada wa madam, mke wa baba, huko Jeddah. Wao walifurahia safari. Mimi nilipika biriani sufuria zikiteleza, nikanuna.

Njiani baba akakata kona kutuonyesha Mahd adh-Dhahab, mji uliochimbwa dhahabu tangu kale. Hapo kununa kuliniisha. Mteremko mzima ulijaa mawe ya kusagia, yamelika katikati kwa mikono ya watu waliokufa zamani. Niliyapenda hadi machozi yakanilenga. Kwetu Nyatike, Migori, mama amesaga mawe ya dhahabu maisha yake yote. Hawa walikuwa watu wake.

"Walisagia ngano," baba akamweleza binti yake, Lulwa.

Ngano, katika jangwa lile! Nikaokota kipande cha jiwe jeupe, nikakilamba, nikakiinua juani, kama afanyavyo mchimbaji yeyote wa kwetu. Jiwe likilowa ndipo dhahabu huonekana.

Madam akapiga yowe. "Sihri! Rispah anafanya uchawi!"

Winfred, mfanyakazi wa ndani mwenzangu, alikaa selo miezi minne akiitwa mchawi, kisa nywele zake mwenyewe alizokutwa nazo kwenye bahasha.

"Madam, mafi sihri, hakuna uchawi! Wallahi ni kazi ya mamangu. Naomba maji na sinia, nikuonyeshe."

Baba akaleta. Nikaponda kile kipande, nikakisaga juu ya jiwe la kale, na mkono wangu ukatulia palepale mikono yao ilipopita. Nikaosha unga kwenye sinia la biriani, nikizungusha polepole, huku nikisali. Mchanga mweusi ukabaki ukingoni. Ndani yake punje moja ikang'aa, ndogo kuliko ufuta.

Baba akavua miwani. "Na mimi miaka yote nawaambia watu ni ngano."

Madam akasogea karibu na sinia. "Mama yako anajua haya?"

"Kunishinda, madam."

Akainama, akaokota jiwe, akalipangusa kwa abaya yake. Kisha akainua nikabu kidogo, akalilamba.

"Yalla, Rispah," akasema. "Sasa naliangaliaje?"