Mumbi wa Kiegei

Winfrida hakuwahi kuwajali ndege mpaka siku mwanawe Eva, mwenye miaka tisa, alipomuuliza jina la ndege aliyetua juu ya bati la jirani. Hakulijua. Kwa mwalimu wa shule, tena mwalimu wa sayansi, jambo lile lilimkera wiki nzima.

Mumewe Stefano, fundi seremala pale Nachingwea mjini, alicheka. "Basi Mama Eva, Jumamosi nawapeleka Kiegei. Kule ndege ni wa kila namna."

Winfrida alishangaa. Katika miaka yote ya ndoa yao, Stefano hakuwahi kuitoa familia hata kwenda kula chipsi. Lakini alfajiri ya Jumamosi aliwapakia kwenye pikipiki, Eva katikati, wakaenda hadi kwenye msitu wa kijiji. Mlinzi wa msitu, Mzee Kipriani, aliwapokea vizuri. Alipoona darubini ya mtumba shingoni mwa Eva, aliwaonyesha njia mwenyewe.

Siku ile waliona keremkerem na kulukulu mwenye mabawa mekundu. Safari ya tatu, Eva alimshika mama yake mkono akanong'ona, "Mama, wale kama bata mzinga!" Walikuwa mumbi, weusi, wakubwa, wakitembea kwa madaha kwenye majani makavu. Mzee Kipriani akawaonyesha kiota, kwenye pango la mti mnene. Winfrida alikaa chini, machozi yakimlengalenga, asijue kwa nini. Stefano alikuwa nyuma kidogo, akiukumbatia mti mwingine kupima unene wake. Winfrida alimwona, akamtabasamia.

Walikwenda mara saba. Nyumbani walianza kuongea tena wakati wa kula. Stefano alikuwa akiuliza, "Wiki hii tupite upande gani?" na Winfrida alikuwa akimjibu kama msichana anayechumbiwa.

Kisha Stefano akasema ana kazi nyingi. Zikapita Jumamosi tatu. Ya nne, Winfrida alimchukua Eva, wakapanda gari la abiria, wakamalizia kwa bodaboda. Alitaka kuona kama mumbi wametotoa.

Mzee Kipriani hakuitikia shikamoo ya Eva.

"Mwalimu, mmekuja kutafuta nini tena?"

"Mumbi, mzee."

"Nenda kaangalie."

Palipokuwa na miti minene palibaki visiki na unga wa mbao. Mti wa mumbi nao ulikuwa chini. Kwa kuwa ndani ulikuwa mtupu, haukufaa kwa mbao, wakauacha pale pale walipouangushia.

"Mumeo alikuja na watu wa misumeno," Mzee Kipriani alisema. "Vijana wangu wa doria walimpisha. Walisema, huyu si yule wa ndege, anayekuja na mke na mtoto?"

Jioni Winfrida alimkuta Stefano kwenye karakana, akipiga randa. "Ulitupeleka kwa ajili ya miti," alimwambia.

Stefano hakuacha kazi. "Niliwapeleka mkafurahi. Kwani hamkufurahi?"

Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Walikuwa wamefurahi.

Jumatatu aliomba ruhusa shuleni, akarudi Kiegei kutoa maelezo mbele ya kamati ya msitu. Alitaja siku, sehemu, na jina la mume wake. Wengine walimpa pole. Mzee Kipriani, aliyekwisha kuondolewa kwenye ulinzi, hakumtazama.

Stefano alipigwa faini, mbao zikataifishwa. Alirudi nyumbani, akafunga nguo zake kwenye mfuko wa salfeti, akahamia Ruangwa, ambako sasa ana karakana nyingine na, wanasema, mwanamke mwingine. Siku ya kuondoka alimbusu Eva utosini.

"Ungenyamaza, baba angekuwepo," Eva alisema usiku ule. Mpaka leo hajafuta kauli hiyo. Jumamosi anakwenda kwa bibi yake.

Winfrida huenda peke yake, kwa miguu, nje kidogo ya mji. Mwezi uliopita, kwenye mashina ya mikorosho, alimwona ndege mdogo mwenye kifua cha buluu ambaye hakuwa amepata kumwona maishani. Aligeuka haraka kusema, "Tazama!" Nyuma yake palikuwa na mbuzi wa watu na njia tupu. Alisimama pale hadi ndege akaruka, kisha akarudi nyumbani kusahihisha madaftari.