Kabari za Sornam

Kaka yangu Masanam aliweka kabari chini ya magurudumu ya gari la sikukuu la Mama Mariamma, mungu wetu wa kike, kwa miaka ishirini na sita. Gari lenyewe ni mnara wa mbao unaotembea: magurudumu manne yanayonizidi kimo, usukani hakuna, breki hakuna. Sisi mia tatu tunavuta kamba, lakini anayeligeuza na kulisimamisha lisivamie nyumba za watu ni yule mmoja mwenye kabari. Mwaka jana moyo wa kaka ulisimama. Sikukuu ikakaribia, na mwenye kabari hatukuwa naye.

Veerabagu, mwenyekiti wa kamati ya hekalu, akaja na jibu mkutanoni. "Tutakodi trekta. Wenzetu wote siku hizi ni trekta."

"Trekta limvute Mama kama gunia la karanga?" Ilikuwa sauti ya Sornam, mjane wa kaka, kutoka upande wa wanawake. "Kabari zote za Masanam nilichonga mimi. Nitaziweka mimi."

"Kuchonga si kuweka, dada. Gurudumu likikupanda tutakuzoa kwa ufagio."

"Nizoe basi. Angalau siku hiyo utakuwa umeshika ufagio."

Wanawake waliangua kicheko. Mwenyekiti nusura ameze tambuu yake. Nikasimama, nikasema wazi: bila shemeji yangu, kamba hatuishiki. Wavutaji wote wakaitikia.

Siku yenyewe Sornam alikaza sari kiunoni, kabari mbili kifuani, akawa anakimbia mbele ya magurudumu huku akipaza sauti: "Vuteni! Legezeni! Kushoto!" Mitaa miwili tulipita salama. Tulipofika kona ya kinu cha mafuta, pale barabara inapoteremka, kabari ilipasuka. Gari likayumba, likaanza kuielekea baraza ya Veerabagu mwenyewe, ambako mama yake kizee alikuwa ameketi. Tuliachia kamba kwa hofu.

Sornam hakurudi nyuma hata hatua moja. Akaisukuma kabari ya pili mshazari chini ya gurudumu la mbele, akaigongomea kwa kisigino, mara mbili, mara tatu. Gurudumu likapanda, likalia, likajipinda. Gari likasimama mkono mmoja tu kutoka kwenye nguzo ya baraza.

Sornam akatugeukia: "Mmelala? Shikeni kamba!"

Tulilifikisha hekaluni jua likiwa bado juu. Hapo mlangoni kuhani humfunga mwenye kabari kitambaa cha heshima kichwani. Safari hii alikishika, akamtazama Sornam, akasita. Mjane hajawahi kufungwa kitambaa hicho.

Umati ukampisha mtu njia. Alikuwa mama yake Veerabagu, aliyekuwa mjane kwa miaka arobaini, ambaye sikukuu zote hizo alizitazama kutoka barazani.

"Unangoja nini wewe?" akamwambia kuhani. "Mfunge!"

Kuhani akamfunga. Ngoma zikalipuka. Nikapiga kelele na wenzangu.

Sornam akaketi kwenye ngazi, kisigino kimevimba, akaomba mtindi wa maji. Vijana wakataka kukimbia kuuleta. Nikawakatalia. Niliuleta mwenyewe, nikapita nao katikati ya wanaume wote wa kijiji, polepole, ili kila mtu aone nampelekea nani.