Bomba ni la Maji

Mchungaji alinipa hadi saa kumi alasiri. Historia ya kanisa ilitakiwa kufika kwa mpiga chapa siku hiyohiyo, maana Jumapili tulikuwa tunatimiza miaka mia na kila muumini alipaswa kupata kijitabu chake. Mimi ndiye katibu wa ofisi ya kanisa, mwaka wa thelathini na moja huu, na tangu asubuhi roho ilikuwa juu kwa sababu ya sentensi moja ya ukurasa wa tisa: "Kinanda kikubwa kilipotea kikiwa mikononi mwa fundi wake."

Fundi wake ni baba yangu.

Yuko hai, ana miaka themanini na nne, na Jumapili angekaa kiti cha mbele na kijitabu mkononi. Baba husoma kila kitu, hata maandishi ya kwenye boksi la dawa. Nilimwambia mchungaji kwamba sentensi ile mimi siichapi. Akanijibu kwa ule upole wake unaoudhi, "Dada, niletee ushahidi, nami nitaifuta. Bila hivyo, lisemwalo lipo."

Lisemwalo ni hili. Mwaka nilioanza kazi, kanisa lilikuwa linaezekwa upya, na baba akakifungua kinanda chote, akazifunga filimbi zake mia nne na kumi na mbili, ile mirija ya bati inayotoa sauti, kwenye mablanketi, moja moja, akaziweka ghalani nyuma ya kanisa. Humohumo ghalani kulikuwa na mabomba ya maji yaliyong'olewa nyumbani kwa mchungaji wa wakati huo. Halafu baba akasafiri kwenda kumzika dada yake. Aliporudi baada ya wiki moja, ghala lilikuwa tupu.

Wazee wa kanisa waliapa kwamba walikubaliana mabomba ya maji tu ndiyo yakayeyushwe. Vibarua wakasema wao walipewa karatasi, wakafanya ilivyosema, na fundi aliporudi akiwaka wakamkabidhi yeye ile karatasi. Wazee wakamwuliza baba iko wapi. Baba akasema, "Imepotea." Ikawa ndiyo hukumu yake. Watu walisema amekula njama na vibarua, na tangu siku hiyo wakamwita Mzee Filimbi. Jina lenyewe walilitoa mdomoni mwake, kwa sababu hakuchoka kumkosoa kila mtu: "Bomba ni la maji. Ya kinanda inaitwa filimbi." Hata mimi nyumbani alinikosoa, nami nikawa namkatalia makusudi kwa sababu kichwa changu ni kigumu.

Karatasi ile niliichapa mimi. Nilikuwa na miezi mitatu kazini. Nilisimama mbele ya wazee bila kupepesa macho, nikasema niliandika "mabomba ya maji". Karatasi ya kaboni ilikuwa imekwisha siku ile na nakala haikuwepo, lakini nilikuwa na hakika, na hakika yangu ikawatosha.

Saa nane nilimkuta baba nyumbani, dirishani, anafuta miwani.

"Baba, ile karatasi."

"Karatasi gani?"

"Tusichezeane, Baba. Nina saa mbili tu."

"Waache waandike. Nimeishi nayo miaka yote hii, hainiumi."

"Inaniuma mimi."

"Basi utapoa. Chai imo kwenye chupa."

Mimi si mtu wa kupoa. Nilipiga magoti nikavuta sanduku lake la vifaa kutoka uvunguni. "Hilo usifungue," alisema, na sauti yake ilivyobadilika ndipo nikajua lazima nilifungue. Kulikuwa na nyundo ndogo, vipande vya ngozi, na daftari alimoandika kipimo cha kila filimbi. Katikati ya daftari kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Si hii hapa!" nilisema, nikacheka kwa furaha. Nikaikunjua.

"Mabomba yote yaliyoko ghalani yatolewe, yakayeyushwe." Chini palikuwa na saini ya mwenyekiti wa wazee, ambaye alisaini chochote alichowekewa mbele. Na pembeni kabisa, herufi mbili za jina langu, alama ya mchapaji. Nililitafuta neno "maji". Nikaigeuza karatasi upande wa pili, kana kwamba neno lingeweza kujificha huko. Halikuwepo. Nikakaa kitako sakafuni.

"Ulijua," nikamwambia.

"Nilijua siku ileile."

"Na mimi nilisimama pale, Baba, nikakushuhudia vibaya."

"Ulisema ulichoamini." Akavaa miwani yake. "Kinanda kilikuwa kimeshayeyuka. Ningeionyesha, kingerudi? Ungefukuzwa wewe, basi. Mama yako alikuwa ameshaondoka, nami nilikuwa nimebakiwa na wewe tu."

Nililia, sioni haya kusema. Nililia mpaka saa ya ukutani ikanikumbusha kwamba ilikuwa saa tisa na robo. Nikararua ukurasa wa shajara yangu, nikaandika: "Mabomba ya kinanda kikubwa yaliyeyushwa kwa sababu ya karatasi iliyokosewa na katibu wa ofisi, ambaye ni yeye anayeandika haya. Fundi wake hana kosa."

Nikampa asome.

"Watakufukuza," alisema.

"Nimebakiza miaka miwili kustaafu. Wanifukuze."

Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Kisha akanyoosha mkono akitaka kalamu. Niliogopa atalikata neno "katibu", na nikajua akilikata sitakuwa na nguvu ya kuliandika tena.

"Umekosea tena," alisema.

Akalikata neno la kwanza, akaandika juu yake "Filimbi". Halafu akarekebisha na yaliyofuata, taratibu, "za kinanda", "ziliyeyushwa", akanirudishia.

Nilifika ofisini saa kumi kasoro dakika nane. Mchungaji aliusoma ule ukurasa mara mbili, akaniangalia, akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia safari hii karatasi ninayo.