Neno Alilolibana Mama Usipumue

Wagonjwa walimwita Mama Usipumue, na jina likamkaa. Miaka ishirini alipiga picha za eksirei katika chumba kile kile, kwa maneno yale yale: "Vuta pumzi. Shikilia. Usipumue. Haya, pumua."

Kisha ikaletwa kompyuta ya akili bandia, ya kusoma picha na kuwaamrisha wagonjwa yenyewe.

"Hongera dada, umeletewa mke mwenza," nesi akamtania. "Tena huyu hali, halali, wala haombi ruhusa."

"Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema. Siyo mwenyeji ahame!"

Alikuwa na haki ya kununa. Daktari mkuu alishatamka: kompyuta ikifaulu jaribio, Mama Usipumue anahamia masjala, akapange mafaili na kupiga chafya za vumbi mpaka astaafu. Kwa hiyo fundi wa kompyuta alipomwomba sauti yake airekodi iwaamrishe wagonjwa, alisema, "Vuta pumzi. Shikilia. Usipumue," akafunga mdomo.

"Basi?"

"Basi."

Fundi hajawahi kupigwa picha ya kifua maishani mwake. Akaridhika.

Siku ya jaribio mgonjwa wa kwanza akaingia akikohoa, na Mama Usipumue akatamani sakafu immeze. Mama mkwe wake! Mwanamke ambaye hajawahi kumsikiliza mkazamwana wake hata kwenye kipimo cha chumvi.

Akasimamishwa, kifua kwenye ubao, mikono kiunoni. Daktari, fundi, nesi na Mama Usipumue wakajibanza nyuma ya kioo. Sauti ikatoka: vuta, shikilia, usipumue. Picha ikapigwa. Kompyuta ikaandika: "Mapafu safi."

Makofi! Daktari akamkumbatia fundi, fundi akamkumbatia nesi, nesi akamsukuma. Mama mkwe hakuna aliyemkumbuka. Mashavu yalikuwa yamemvimba kama maandazi, macho yamemtoka, na bado ameshikilia.

Mama Usipumue jasho likamchuruzika. Akisema, ameumbuka. Akinyamaza, atamwambia nini mumewe?

Kompyuta ikaandika tena: "Mgonjwa ametulia vizuri sana. Tupige nyingine?"

"Pumua, mama! Pumua!" Mama Usipumue akapayuka.

Mama mkwe akaachia pumzi, karatasi za mezani zikaruka. "Mkwe wangu," akahema, "miaka kumi na minane nakukatalia kila kitu. Siku moja tu nakutii, unataka kuniua!"

Daktari akamgeukia fundi. Fundi akamgeukia Mama Usipumue.

"Neno la mwisho liko wapi?" daktari akauliza.

Akajishika koo. "Lilibaki humu, daktari."

Daktari akamnyoshea kidole. "Mtu anayeweza kunificha neno moja, nikimpeleka masjala si atanificha mafaili yote? Kaa hapa hapa, nikuone. Kompyuta isome picha, wewe sema na watu. Na hilo neno ulirekodi sasa hivi, kwa siku utakayokuwa likizo."

Akalirekodi, mama mkwe ameketi mbele yake kwenye stuli.

"Kwa sauti, mkwe. Rudia."